Barthel 85, Lawton 2: mama huyu anajiweza au hajiwezi?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mtaalamu mpya wa tiba kwa vitendo, nafanya kazi katika hospitali moja si mbali na Bombo. Nina mgonjwa anayeishi Bombo, hapa Uganda, mama wa Kinubi mwenye miaka 74, aliyepata kiharusi miezi minne iliyopita, upande wa kushoto ukalegea. Siku ya kuruhusiwa nilimpima kwa Barthel, kipimo cha kujihudumia kama kula, kuoga na kuvaa, akapata 85 kati ya 100. Wiki iliyopita nilipiga simu nyumbani nikajaza fomu ya Lawton, ya kazi za nyumbani na shughuli kama ununuzi na fedha, mwanawe wa kiume akijibu: 2 kati ya 8. Mwanawe anasema mama hafanyi kitu tena. Mkwe anasema anaweza ila anadeka. Yeye mwenyewe anasema hana shida yoyote. Nimwamini nani, na fomu ipi ndiyo sahihi kwa mtu mzima kama huyu?

JIBU: Waaleikum salaam, binti yangu. Wengi wangechagua namba iliyo rahisi kuieleza, wakafunga faili. Umefanya vizuri kuuliza.

Namba zako zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa siku moja. Ya kwanza inaeleza alichoweza kufanya wodini, wewe ukiwa pembeni. Ya pili inaeleza anachodhani mwanawe, kwa simu, kwamba mama hafanyi nyumbani. Bado hakuna aliyemtazama mama akifanya jambo lake mwenyewe, mahali pake, kwa vyombo vyake. Kazi hiyo ndiyo iliyobaki, na hakuna fomu itakayoifanya kwa niaba yako. Panda takisi uende Bombo.

Tuanze na ile 85. Kipimo hiki kilichapishwa 1965 na Florence Mahoney na Dorothea Barthel huko Maryland, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa muda mrefu waliokuwa hospitalini. Kina vipengele 10, kuanzia kula hadi kupanda ngazi. Mgonjwa wa kiharusi anayetoka na 85 mara nyingi ameacha 5 kwenye kuoga, 5 kwenye kuvaa na 5 kwenye ngazi, na nakisia wako ni hivyo hivyo. Basi tazama inavyokuwa akifika nyumbani. Ngazi zilizomnyima alama huenda hazipo kabisa kwake, ila choo kilichompa alama 10 kamili kilikuwa cha kukalia, kina ukuta wa kushika, na kilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Cha nyumbani pengine ni cha shimo, nyuma ya nyumba. Itambidi abebe kopo la maji, apite kwenye ardhi isiyo sawa, achutame kwa mguu uliolegea, kisha ainuke bila kitu cha kushika.

Na kuna jambo ambalo hakuna fomu niliyoiona inayoliuliza. Kwa Mwislamu, mkono wa kustanji ni wa kushoto. Mama huyu amekula kwa mkono wa kulia maisha yake yote, kwa hiyo kipengele cha kula amepata alama zote bila taabu. Mkono uliolegea ndio aliokuwa akijisafishia. Je, sasa anafanyaje? Anatumia wa kulia kwa uchungu wa moyo? Anasafishwa na mkwe? Au ameamua kunywa maji kidogo na kula kidogo ili asiende chooni mara kwa mara? Hili la mwisho nimelikuta kwa wanawake watu wazima kuliko nilivyotarajia, na familia huwa inasema tu kwamba "siku hizi hana hamu ya kula". Usilitaje mbele ya mwanawe. Subiri mbaki wawili, uanze kwa kusema kwamba akina mama wengi waliougua upande huo hupata tabu hii, kisha unyamaze. Atakujibu.

Ile 2 nayo ina mambo yake. Powell Lawton na Elaine Brody walitoa kipimo chao 1969: simu, ununuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Wao wenyewe waliona kwamba huwezi kumnyima mtu alama kwa kazi ambayo jamii yake haikumpa, ndiyo maana mwanzoni wanaume hawakuhesabiwa kupika, usafi wala kufua, wakabaki na alama 5 tu. Mantiki hiyo hiyo unaihitaji Bombo. Mama mwenye wakwe nyumbani huenda hajafua nguo kwa miaka mingi. Pesa za simu zinashikwa na mjukuu kwa sababu namba ya siri inamsumbua tangu zamani. Sokoni anaagiza. Hakuna hata moja kati ya hayo iliyoletwa na kiharusi.

Kwa hiyo ijaze Lawton mara mbili kwenye karatasi moja: kabla ya kiharusi na sasa. Ikiwa kabla alikuwa na 3 na sasa ana 2, kiharusi kimechukua alama moja, na unatakiwa ujue ni ipi. Ikiwa alikuwa na 7, hadithi ni nyingine kabisa na una haraka. Namba ya leo peke yake haikwambii lolote kuhusu ugonjwa. Inakwambia jinsi nyumba inavyogawana kazi.

Mbele ya kila shughuli mimi huweka moja ya maneno matatu: hawezi, hafanyi, haachiwi. Hawezi ni mwili au ubongo. Hafanyi ni hiari, mazoea, hofu, au huzuni. Haachiwi ni watu. Katika nyumba zetu mtu mzima akishika ufagio, watu watatu wanaruka kumnyang'anya, na jirani akiona mama anachota maji ilhali mkwe yupo, maneno yatafika msikitini kabla ya adhuhuri. Heshima hiyo ni nzuri na sitaki uende kuipiga vita. Lakini mtu aliyetoka kuugua, akipokonywa kila kitu kwa miezi minne, misuli inalegea, pumzi inapungua, na ile "haachiwi" inageuka "hawezi" ya kweli. Mkwe anapoona mama anadeka na mwana anapoona mama amekwisha, inawezekana wote wawili wanatazama jambo hili moja.

Umeuliza umwamini nani. Mwana pengine hayupo nyumbani mchana. Mkwe ndiye anayemwona, ila pia ndiye aliyechoka, na mtu anayehudumia mara nyingi humpima mgonjwa chini kuliko mgonjwa anavyojipima. Waulize wote, kila mmoja peke yake, na andika jina la uhusiano mbele ya kila jibu. Mahali ambapo majibu yanagongana ndipo pa kwenda kutazama kwa macho.

Lakini jibu lililonishtua ni la mama mwenyewe: hana shida yoyote. Huenda ni fahari, au hataki kuwa mzigo. Ila amepata kiharusi kilicholegeza upande wa kushoto, yaani kimepiga ubongo wa kulia, na ubongo wa kulia ukiumia mtu anaweza kupuuza upande wote wa kushoto wa dunia bila kujua kwamba anaupuuza. Mguu unatembea, alama za Barthel zinapatikana, lakini nusu ya sahani ya posho inabaki haijaguswa, bega la kushoto linagonga fremu ya mlango, sandali ya kushoto inavaliwa nusu. Ukimuuliza, anakwambia kwa dhati kabisa kwamba yuko salama. Barthel haina kipengele cha kulikamata hili. Kama ningekuwa na dakika 15 tu na mama huyu, ningezitumia hapa.

Nyumbani utalipima bila karatasi. Omba ungo na vikombe viwili vya maharage. Yatawanye sawasawa, weka katikati yake mawe madogo kumi, matano kila upande, umwombe ayatoe yote. Kuchagua maharage amefanya tangu utotoni, hatakuona unamchezea. Mtu mwenye macho mabovu tu atayakosa mawe huku na huku. Anayepuuza upande atasafisha kulia vizuri kabisa, aache ya kushoto, akurudishie ungo akisema amemaliza. Hiki si kipimo rasmi, hakina viwango, na usikiandike kwenye faili kama alama. Andika ulichokiona: mawe mangapi yalibaki na upande gani. Kisha simama mbele yake, umwambie atazame pua yako, uchezeshe vidole pembeni, upande mmoja, halafu mwingine, halafu pande zote kwa pamoja. Kama haoni kabisa vya kushoto hata vikiwa peke yake, inawezekana uwanja wa macho wenyewe umekatika. Kama anaviona vikiwa peke yake lakini vinapotea ukichezesha pande zote, umakini wake ndio unaovutwa kulia. Anayekosa uwanja wa macho akifundishwa hujifunza upesi kugeuza kichwa. Huyu wa pili lazima akumbushwe tena na tena, na wenzake wa nyumbani wafundishwe pia.

Kabla ya yote hayo, hakikisha hupimi ugonjwa uliojificha ukadhani unapima uwezo. Mtu mzima aliyebadilika ndani ya siku mbili tatu, akawa anaweweseka au analala mchana kutwa, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo: malaria, maambukizi ya mkojo, dawa zilizozidi, kiharusi kingine. Hapo hakuna cha Lawton. Kwa mama wako, mtazame pia shinikizo la damu akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, umepata sababu mojawapo ya kuogopa kusimama, na wanaotoka na dawa za presha hukutwa na hili. Macho, masikio, sukari, maumivu ya bega la kushoto, na moyo wake: analala? Analia? Bado anafurahia wageni? Huzuni nzito baada ya kiharusi ni jambo la kawaida na inatibika, lakini kwa nje inafanana sana na uvivu.

Ukifika, kaa kwanza. Unywe kilicholetwa. Waeleze mapema, na kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba hukuja kuandikisha watu. Mtu mwenye fomu na kalamu kijijini huchukuliwa kuwa wa ile ruzuku ya serikali kwa wazee, SAGE, na ingawa mama wa miaka 74 pengine hajafikia umri wake, familia yenye matumaini itamdhoofisha mama mbele yako ili asikose. Siwalaumu. Wewe utapata majibu mabovu tu.

Kisha umwombe akusimulie jana. Uanzie adhana ya alfajiri: uliamka mwenyewe au uliamshwa? Maji ya kutawadha yalikuwa wapi? Nani alikufungulia mlango? Ulikunywa chai na nani? Jana ni bora kuliko "kwa kawaida", maana kwa kawaida kila mtu anajiweza. Kama Kiswahili chake ni cha sokoni na Kinubi ndicho cha moyoni, tafuta mkalimani asiye mwanawe. Binti wa jirani anatosha.

Halafu ndiyo utazame. Chagua mambo mawili, na mimi ningechagua udhu na kahawa.

Udhu ni zawadi kwa mtu wa fani yetu. Una mpangilio usiobadilika ambao ameufanya maelfu ya mara, kwa hiyo akipotea katikati, au akiruka kiungo, unajua ni jambo jipya. Unahitaji mikono miwili, kuinama, na kusimama kwa mguu mmoja au kutafuta namna nyingine ya kuosha miguu. Ukitaka kujua kama anapuuza kushoto, tazama kama mkono na mguu wa kushoto vinapata maji sawa na vya kulia. Baada ya hapo atasali, na utaona kama anaweza kushuka sakafuni na kuinuka. Kama ameanza kusali kwenye kiti, muulize tangu lini na kwa nini. Dini inamruhusu, ila sababu yake ni taarifa ya kitabibu. Kama kuna mwanamume katika timu yako, hapa abaki nje.

Kahawa ya tangawizi kwenye sigiri, jiko la makaa, ni kazi ngumu zaidi kuliko inavyoonekana, na ina moto. Nilimtazama mama mmoja akiipika, hali yake ikikaribiana na ya huyu. Aliwasha makaa vizuri, akateleka birika, kisha akaanza kutafuta tangawizi. Ilikuwa kwenye sinia hiyo hiyo, upande wa kushoto, shubiri moja kutoka kidoleni. Akatafuta kulia, akaangalia chini ya kitambaa, akamwita mjukuu kwa hasira kwamba nani ameichukua. Mkwe alikwisha kunyanyuka. Nilimwekea mkono begani akae. Baada ya muda mrefu mno kwa watu waliokuwa wanatazama, mama akageuza sinia kidogo kufuta majivu, tangawizi ikaja mbele yake, akacheka. Wakati wote huo kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kimeegemea ukingo wa sigiri na hakuwa na habari. Mpaka leo sijui fomu ambayo ingenionyesha mambo hayo yote mawili kwa robo saa.

Kipo kipimo rasmi cha kutazama kazi za namna hii, AMPS, kilichobuniwa na Anne Fisher, kinachoangalia stadi 16 za mwili na 20 za mpangilio wa kazi. Hukitumii bila kozi na bila wewe mwenyewe kupimwa kwanza kama mpimaji, kwa hiyo usiandike jina lake. Lakini maswali yake manne ni halali kuyabeba kichwani: anatumia nguvu kupita kiasi? Anapoteza muda na hatua? Yuko salama? Anahitaji msaada wa mtu? Na kwenye msaada uwe mchoyo na sahihi. Neno "anasaidiwa" halina maana. Andika alikumbushwa kwa neno mara ngapi, alishikwa kiwiko wapi, nani alimalizia nini.

Kuhusu akili na kumbukumbu, usimpe fomu ya MMSE, ile ya maswali ya kumbukumbu, kwa kuwa tu ndiyo iliyo kwenye droo. Ile ya 1975 inamtaka aandike sentensi, anakili michoro, atoe saba saba kutoka mia. Mama asiyesoma shule atakosa alama kabla ugonjwa haujaguswa. Jirani zetu wana kitu bora: kipimo cha IDEA, kilichotokana na utafiti wa wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, kwa ajili ya wazee wasiozoea kalamu. Kinauliza daraja ni nini, kiongozi wa hapa ni nani, kinamtaka ataje wanyama, akumbuke maneno, na anakili umbo kwa njiti za kiberiti. Kina pia dodoso lake la shughuli za kila siku, lililojengwa kutokana na maisha ya wazee wa huko. Kwa mama wako ukae macho tu kwenye njiti: akiacha za kushoto, hiyo inaweza kuwa ile shida niliyoieleza, wala si usahaulifu.

Mwisho wa ziara ndipo umuulize anataka nini. Njia ya COPM ya Wakanada, ambayo mgonjwa anajipima mwenyewe, inafaa: ataje mambo yanayomsumbua, yasizidi matano, kila moja ajipe alama 1 hadi 10 kwa anavyolifanya na tena kwa anavyoridhika. Ukirudia baadaye, badiliko la alama 2 au zaidi ndilo la kuhesabu. Usishangae kama kupika halimo. Anaweza kukwambia anataka kwenda matangani bila kuhofia choo cha watu, au kumalizia kusuka kawa, kifuniko cha chakula, aliyoiacha siku aliyougua. Kama ni msukaji, mwombe akuletee hiyo kawa na uione kazi ya zamani na ya sasa kwa pamoja.

Faili lako liwe na Barthel mpya iliyopimwa nyumbani, ikionyesha choo alichotumia ni cha namna gani. Lawton ya kabla na ya sasa. Ulichokiona kwenye ungo, udhu na kahawa. Na alama zake za COPM. Ukikuta anapuuza kushoto, siku hiyo hiyo sigiri isiwashwe bila mtu karibu, na mwambie mkwe kwa nini, ili aache kusema anadeka. Siku hiyo hiyo pia zungumzeni kuhusu kiti cha choo chenye tundu na nguzo ya kushika upande wa kulia. Fundi wa mtaani anaweza kuvitengeneza, na kwa mama huyu nadhani vitafanya mengi kuliko zoezi lolote la mkono. Rudi baada ya wiki sita, saa zile zile za siku, kwa sababu asubuhi na jioni mtu wa kiharusi ni watu wawili. Ile Lawton ya simu usiitupe. Andika pembeni ni nani aliyejibu, kisha iweke nyuma kabisa.